UZI: Kwa nini kuzalisha samaki wa mapambo nyumbani kunanoga kuliko kuwafuga tu (wa Mwanza na kandokando ya Ziwa karibuni)

#1 MkereketwaWaFuru

Mwangaluka wakuu.

Swali hili halichoki kuulizwa. Mtu anakaa Mwanza, sato na sangara wamejaa mwaloni Kirumba, halafu anaweka tangi la kioo sebuleni na kukesha na vifaranga ambao hata gramu moja hawafiki. Anapata nini? Wengi hukimbilia kujibu kwamba anauza. Piga hesabu ya umeme, vioo na chakula uone kama kinabaki cha maana. Kwa mfugaji wa matangi mawili matatu, fedha si sababu.

Hoja yangu ni hii: samaki anaweza kuishi miezi na miezi kwenye maji mabovu bila wewe kugundua. Anakula, anatembea, rangi imefifia kidogo na wewe unadhani ndivyo alivyoumbwa. Ukitaka azae, tangi linaanza kukudai. Unatakiwa ujue maji yako yana nini, dume amepata eneo au hajapata, taa inamulika rangi gani, jike anakula nini wiki mbili kabla ya kutaga. Kila kosa linaonekana: mayai yanaota ukungu, jike anameza watoto, vifaranga wanakufa wakiwa na siku tano. Na kila ukipatia, unaona kitu ambacho duka la samaki halikuuzii, yaani tabia: dume anachimba shimo, anatetemeka mbele ya jike, jike anamkagua na kuondoka zake.

Sisi wa huku tuna la ziada. Furu wa Ziwa Victoria, zaidi ya aina 500, wanazaa kwenye tangi la kawaida, kwa maji yanayofanana na ya bombani kwetu. Wapo wafugaji wa mbali wanaohitaji kuyatengeneza maji hayo.

Uzi uwe wa kitaalamu. Vipimo, hatua, na kinachoharibika. Hadithi za "mimi nilianza mwaka fulani" tupeleke uzi mwingine.

#2 Buswelu_Mtulivu

Nimekaa mbele, daftari mkononi.

#3 FundiVioo_Igoma

Naanza na tangi, maana wengi wanalikosea hapo hapo.

Kwa gapi, moli na plati, sm 60 × 30 × 30 inatosha (lita 54 kabla ya mchanga). Kioo cha mm 5 kinabeba, mm 6 ndiyo usingizi mzuri. Kwa furu usishuke chini ya sm 120 × 45 × 45, karibu lita 240, kioo mm 10 na mikanda ya juu. Maji peke yake hapo ni kilo 240, ongeza kioo na mawe unakaribia kilo 320. Meza ya mninga ya kulia chakula haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Weka stendi ya chuma, na kati ya stendi na kioo tandaza stairofomu ya sm 1 ili mwinuko wowote mdogo usivunje kioo.

Silikoni iwe ile inayonukia siki ikiwa mbichi, na isiwe ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hiyo inaua samaki. Safisha kingo kwa spiriti, bandika, kisha acha siku 7 kabla ya kujaza. Jaza kwanza nje ya nyumba, siku moja nzima, uangalie uvujaji.

Filta ya kuzalishia ni ya sponji, basi. Filta za kunyonya kwa nguvu zinameza vifaranga. Unaitengeneza hivi: bomba la plastiki la nusu inchi, urefu sawa na kina cha maji ukitoa sm 3. Sehemu ya chini sm 10 toboa matundu ya mm 4 kuzunguka, ziba mwisho kwa kifuniko. Sponji ya matundu makubwa, mpya, isiyo na harufu ya kemikali, itobolewe katikati na ivishwe pale kwenye matundu. Mpira wa hewa unaingia kwa juu ya bomba hadi karibu na chini, mapovu yanapanda na kuvuta maji kupitia sponji. Pampu ya hewa ya wati 3 hadi 5 inaendesha filta mbili. Pampu ikae juu ya usawa wa maji, au weka vali ya kuzuia maji kurudi. Umeme ukikatika maji hurudi kwa mpira na kuikuta pampu sakafuni.

Sponji inafuliwa kwa maji ya tangi yaliyotolewa, kamwe si ya bombani. Klorini inaua bakteria ambao ndio filta yenyewe.

#4 Mama_Pacha_Kitangiri

Samahani wakuu, hao bakteria wanatoka wapi? Na kwa nini nisichote maji ziwani moja kwa moja, ndiko furu wanakoishi?

#5 MajiSafi_Nyegezi

Dada, maswali mawili mazuri.

Bakteria wanakuja wenyewe, wanahitaji muda na chakula. Samaki wanatoa amonia. Kundi la kwanza la bakteria linaigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linaifanya naitreti, ambayo samaki wanaivumilia. Tangi jipya linachukua wiki 4 hadi 6 kufika hapo. Jaza maji, washa filta, tia chembe za chakula kila siku bila samaki, pima. Amonia 0 na naitraiti 0 kwa siku kadhaa mfululizo ndipo samaki waingie. Ukipata sponji iliyotumika kwenye tangi la mtu lisilo na ugonjwa, muda unapungua sana.

Hapa kwetu amonia ni hatari kuliko sehemu zenye maji ya uchachu. pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikiwa 7, amonia iliyo sumu haifiki asilimia 1 ya yote. pH ikiwa 8.5 na joto nyuzi 26, inafika kama asilimia 16. Kipimo kilekile, madhara mbali kabisa.

Sasa maji ya ziwani. Sababu ya kwanza ya kuyaepuka ni kichocho. Usiingie majini kandokando ya magugu kuchota. Na ukileta magugu maji nyumbani unaleta konokono pia. Maji yasiyo na konokono, yakikaa kwenye pipa zaidi ya saa 48, vimelea hivyo vya kichocho vinakuwa vimeshakufa. Lakini bado kuna minyoo ya samaki, chawa wa samaki na uchafu wa mjini. Ya MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza) yanatoka ziwani humohumo na yameshasafishwa. Kazi yako ni kuondoa klorini tu. Pipa wazi, jiwe la hewa, saa 24. Mwenye haraka atumie sodiamu thaiosalfeti, gramu 1 kwa lita 100 inatosha kwa kiwango cha kawaida cha klorini.

Tatizo ambalo halisemwi sana: maji ya ziwa letu ni mepesi. Yana kaboneti kidogo. Bakteria wa filta wanaila kaboneti hiyo kila siku, na tangi lisilobadilishwa maji pH yake inaporomoka polepole, halafu ghafla. Mfugaji anaona furu wamenyong'onyea anadhani ni ugonjwa. Pima KH, yaani kiwango cha kaboneti. Ikishuka chini ya 3, tia soda ya kuokea keki: gramu 5 kwa lita 100 inapandisha KH karibu 1.7. Yeyusha kwanza kwenye kikombe, mimina kidogo kidogo mchana kutwa.

Soda ya kuokea, jamani. SI magadi ya kupikia maharage. Magadi yanarusha pH juu kwa mpigo, na kama kuna amonia tangini umeshawamaliza.

#6 RockCity_Aqua

Naunga mkono #5. Na mawe ya milimani kwetu ni salama, ni graniti, hayabadili maji. Una wasiwasi na jiwe? Lidondoshee siki. Likitoa mapovu lina chokaa, litapandisha pH. Kwa furu si kosa, kwa samaki beta ni kosa.

#7 Gapi_Ilemela

Mnawatisha watu na furu. Anayeanza aanze na gapi, na hapa ndipo raha ya kuzalisha inaeleweka haraka kuliko popote.

Jike hazai mayai, anazaa watoto wanaoogelea. Mimba siku 21 hadi 30 kutegemea joto. Nyuzi 25 hadi 27 ndiyo sahihi, na Mwanza ndani ya nyumba unaipata miezi mingi bila hita. Doa jeusi nyuma ya tumbo likiwa kubwa na tumbo likipata kona, siku zimekaribia. Uzao wa 20 hadi 50 ni wa kawaida. Dume 1 kwa majike 2 au 3, la sivyo madume wanamkimbiza jike mmoja mpaka anachoka na kufa.

Kosa la kwanza la kila mtu ni kudhani mama atawalea. Atawala. Weka mimea ya kuelea mingi, au mhamishe mama baada ya kuzaa. Hivyo vibanda vidogo vya plastiki vya kuning'iniza mama mjamzito sivipendi: mama anapata hofu, anazaa kabla ya wakati, watoto bado wana kiini tumboni.

Kosa la pili ni kubwa zaidi kwa anayetaka kutengeneza rangi. Jike wa gapi anatunza mbegu za dume mwilini kwa miezi. Ukinunua jike mzima dukani, ukamweka na dume wako mwekundu, watoto unaowapata wanaweza kuwa wa madume wa dukani. Jike wa kuzalishia rangi lazima awe bikira. Maana yake utenganishe jinsia kati ya wiki ya 3 na ya 4. Angalia pezi la chini nyuma: la jike linabaki pana, la dume linaanza kuwa jembamba na refu. Tumia kioo cha kukuzia na tochi. Ukichelewa siku chache tu, kazi ya miezi minne imekwenda na maji.

Kisha njoo kwenye urithi. Chukua dume albino, jike wa kawaida asiye na ualbino katika ukoo wake. Watoto wote watatoka wa kawaida na mtu asiyejua atakata tamaa. Wazalishe wale watoto wao kwa wao: kizazi cha pili, robo wanatoka macho mekundu. Kuna kitu kinakupata ukiwahesabu vifaranga kwenye sahani nyeupe na hesabu ikakaribia robo kweli. Mambo ya darasa la baiolojia yanaogelea mbele yako. Rangi nyingi za mkia wa dume zinapita kwa baba kwenda kwa mwana kwa sababu zimekaa kwenye kromosomu ya kiume, kwa hiyo chagua baba kwa mkia wake, ila usimdharau mama: ukubwa wa mwili na upana wa mkia una mkono wake pia.

Vizazi vitatu kwa mwaka vinawezekana. Weka koo mbili za rangi moja kwenye matangi tofauti, na kila baada ya vizazi 3 au 4 zikutanishe. Bila hivyo utaanza kuona migongo iliyopinda na uzao wa watoto 8.

#8 Kijana_wa_Mabatini

Gapi wa mchanganyiko nao wanapendeza mkuu, kwani lazima ukoo?

#9 Gapi_Ilemela

Wanapendeza, hakuna anayekataa. Ila baada ya mwaka tangi lote linarudi rangi ya kijivujivu yenye madoa, kwa kuwa madume wadogo wenye mbio ndio wanaopanda zaidi. Usipochagua wewe, tangi litachagua.

#10 MkereketwaWaFuru

Sasa furu. Nitamtumia *Pundamilia nyererei*, kwa sababu anapatikana katika hobi dunia nzima na asili yake ni humu humu. Alielezwa kisayansi mwaka 1985 na Els Witte-Maas na Frans Witte, wakampa jina kwa heshima ya Mwalimu. Dume: mgongo mwekundu, ubavu wa njano wenye mistari myeusi, kifua cheusi. Jike: njano ya vumbi, hana makeke.

Kikosi: dume 1 na majike 5 au 6, tangi la sm 120. Au madume 6 na zaidi pamoja ili ukali ugawanyike. Madume wawili tu ni mauaji: mmoja atajibanza kona ya juu karibu na filta, mapezi yamechanika. Mawe yapangwe marundo mawili au matatu yasiyoonana, yakae juu ya kioo cha chini kabla ya mchanga. Furu wanachimba, na jiwe lililowekwa juu ya mchanga litaanguka.

Joto nyuzi 25 hadi 26. pH 7.8 hadi 8.5. Badilisha robo ya maji kila wiki. Mara nyingi kutaga kunafuata siku moja au mbili baada ya maji mapya.

Kutaga kwenyewe: dume anasafisha shimo au uso wa jiwe, anasimamisha mapezi, anatetemeka. Jike akikubali anazunguka naye, anadondosha mayai machache, anageuka na kuyachukua mdomoni papo hapo. Dume ana madoa ya njano kwenye pezi la chini nyuma, yenye umbo la mayai. Jike anayafuata madoa hayo kwa mdomo, na hapo ndipo anapokea mbegu. Mayai yanarutubishwa yakiwa mdomoni. Kaa mbali na kioo, zima taa ya chumba, acha ya tangi. Tendo linachukua nusu saa hivi na zaidi, na ukipita na kivuli chako jike anaahirisha.

Jike mwenye mayai utamjua kwa koo lililojaa na kushuka, anatafuna hewa taratibu (anayageuza mayai), na hali chakula. Kuanzia hapo wiki 2 hadi 3. Majike wa mara ya kwanza humeza uzao, ni kawaida, usimpe jike adhabu ya kumuuza.

Njia mbili. Ya kwanza, mwache hadi siku ya 12, mhamishe usiku kwa chombo chenye maji (wavu unamfanya ateme), umweke kwenye tangi la lita 40 lenye sponji na chungu kilichovunjika. Atawatema mwenyewe, na siku kadhaa za mwanzo watoto wakishtuka wanarudi mdomoni. Nani asiyetaka kuona hilo? Ya pili, kumtemesha kwa mkono baada ya siku ya 14: mikono imelowa, kichwa chini juu ya bakuli la maji ya tangi, fungua taya la chini kwa ncha butu ya kijiti cha meno, mzamishe na kumwinua taratibu. Watoto wakiwa na kiini kikubwa cha njano bado, umewahi. Wanaopenda njia hii wanapata vifaranga wengi zaidi. Mimi naiona inafaa kwa jike mmezaji tu, kwa sababu inakunyang'anya nusu ya kilichokufanya uzalishe.

Jike akitoka hapo amekonda. Mpe siku 7 peke yake, milo midogo mitatu kwa siku, kabla ya kurudi kwa dume.

#11 Daktari_wa_Mapezi

Hapo kwenye taa naomba niongeze nyama, maana ni jambo la hapa hapa kwetu.

*Nyererei* mwekundu ana ndugu yake wa bluu, *Pundamilia pundamilia*. Majike wao wanafanana mno. Kinachowatenganisha ni jike kuchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walionyesha kwamba maji ya ziwa yanapochafuka, rangi hazionekani vizuri na aina zinaanza kuchanganyika. Majaribio ya tangini nayo yalionyesha kitu kilekile: chini ya mwanga wa rangi ya chungwa pekee, ambamo nyekundu na bluu hazitofautishiki, majike waliacha kuchagua. Kwenye Ghuba la Mwanza na nje yake kidogo unaweza kufuata hali hiyo kisiwa kwa kisiwa. Makobe, kwenye maji maangavu, wekundu na wabluu ni aina mbili kamili, wabluu juu na wekundu chini zaidi. Luanso, ndani kwenye ghuba, maji ni tope na wote wamekuwa kundi moja lililochanganyika.

Kwa mfugaji maana yake ni tatu. Taa iwe nyeupe, ya kelvini 6500 hivi, si taa za rangi za sherehe. Maji yasiwe ya kijani. Na hata ukiwa na taa nzuri, usiweke aina mbili za *Pundamilia* tangi moja. Jike akikosa dume wake atachukua aliyepo, na watoto wanazaa vilevile, kwa hiyo mchanganyiko hautajifichua wenyewe.

Ikumbukwe pia kwamba sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na alipolipuka kwa wingi miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zilipotea. Kabla ya hapo furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ziwani. Baadhi ya aina zimerudi kidogo tangu miaka ya 1990. Ndiyo maana ukoo safi una thamani.

#12 Mama_Pacha_Kitangiri

Kumbe! Basi mwanangu aliyeweka taa ya zambarau ataitoa leo. Vifaranga wanakula nini? Dagaa haifai?

#13 Uduvi_na_Dagaa

Dagaa inafaa ukiiandaa, dada. Ile iliyoanikwa mchangani imejaa mchanga: osha mara tatu, anika upya juu ya wavu, kaanga bila mafuta dakika chache, saga, pitisha kwenye kitambaa chepesi. Unga unaopita ni wa vifaranga, unaobaki ni wa wakubwa. Dagaa ya zamani iliyogeuka kahawia yenye harufu kali imeharibika mafuta, inaleta maradhi ya ini. Weka kwenye friji, usizidishe mwezi.

Mchanganyiko wa samaki wazazi: unga wa dagaa gramu 200, uduvi mkavu uliosagwa gramu 100, mchicha uliochemshwa kidogo na kusagwa gramu 100, yai 1, jelatini gramu 20 iliyoyeyushwa katika mililita 200 za maji moto. Changanya, mimina kwenye mfuko wa plastiki, lainisha iwe bapa la mm 5, gandisha, vunja vipande. Uduvi ndio unaorudisha wekundu. Usiweke nyama ya ng'ombe, furu wanavimba matumbo.

Vifaranga wa furu wanameza unga tangu siku ya kwanza. Wa samaki enjeli na beta hawaoni chakula kisichotembea, kwa hiyo unahitaji atemia (uduvi wadogo sana wa maji ya chumvi). Chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, igeuze mdomo chini, kifuniko kimefungwa. Lita 1 ya maji, chumvi gramu 25 (vijiko vikubwa moja na nusu), nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea, mayai ya atemia gramu 1 au 2. Hewa kali inayofika chini kabisa, taa karibu, nyuzi 27. Saa 24 hadi 36. Zima hewa dakika 10: maganda yanaelea, wadudu wa rangi ya chungwa wanashuka kwenye mwanga. Wanyonye kwa mpira mwembamba, chuja kwa kitambaa, suuza, lisha. Maganda yakiingia tangini yanaziba utumbo wa vifaranga.

Milo 3 au 4 midogo kwa siku. Matumbo yakiwa ya chungwa na ya duara, acha. Mabaki yanyonywe jioni ileile.

#14 Umeme_Hamna

Na TANESCO wakikata je?

#15 FundiVioo_Igoma

Pampu ya hewa ya betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika. Kwa tangi la wazazi lisilojaa sana, saa 3 au 4 si tatizo. Zaidi ya hapo sponji isiyopitiwa na maji inaanza kufa ndani, hivyo itoe uiache ielee wazi, na chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu mara kwa mara. USILISHE mpaka umeme urudi. Samaki mzima hafi njaa siku mbili, ila chakula kilichooza kinamuua usiku mmoja.

#16 Beta_wa_Pasiansi

Kwa kifupi upande wa beta. Beseni la lita 20, maji kina cha sm 12, nyuzi 27 (Juni na Julai weka hita ya wati 50, usiku unapoa), bila filta. Jani moja kavu la mti wa mkungu, lile lililoanguka lenyewe likawa kahawia, lioshwe tu: linapunguza ukungu kwenye mayai na dume anapenda kujenga kiota cha mapovu chini yake. Jike akae ndani ya chupa angavu siku moja au mbili, waonane. Akiwa na mistari ya wima, mwachie. Wakimaliza toa jike MARA MOJA. Mayai yanaanguliwa saa 24 hadi 48, siku tatu baadaye watoto wanaogelea sawasawa, toa baba. Funika beseni kwa plastiki wiki kadhaa zinazofuata. Kiungo chao cha kuvuta hewa ya juu kinajijenga kipindi hicho na hewa baridi inawaua makundi.

#17 Buswelu_Mtulivu

Wakuu, vifaranga wanazaliwa vizuri, wanafika siku ya 5 hivi wanakwisha wote. Maji yanaonekana masafi kabisa.

#18 MajiSafi_Nyegezi

Maji masafi kwa macho hayana maana. Fuata hivi.

Wamekufa wote usiku mmoja, wamepanua mashavu: amonia au hewa. Pima kabla ya kubadilisha maji, la sivyo unafuta ushahidi. Wanapungua wachache wachache, matumbo yamebonyea: chakula ni kikubwa kuliko mdomo, au milo ni michache. Matumbo yamevimba na kinyesi cheupe kinaning'inia: maganda ya atemia au unga uliooza. Kuna vitu vidogo vyenye mikono vimeng'ang'ania kioo? Hao ni haidra, wanawakamata vifaranga. Wamekuja na mimea au na atemia nyingi. Hamisha vifaranga, kausha tangi juani.

Vidoa vyeupe mithili ya chembe za chumvi: pandisha joto polepole hadi nyuzi 30 na chumvi gramu 2 kwa lita, siku 10, hewa iongezwe kwa kuwa maji moto yana oksijeni kidogo. Pamba nyeupe mdomoni inayosambaa haraka mara nyingi ni bakteria wala si ukungu; hapo joto juu linaizidisha, shusha hadi nyuzi 24.

Na kingine: badilisha asilimia 10 kila siku kwenye tangi la vifaranga, kwa maji ya joto lilelile. Ndoo iliyolala nje usiku inaweza kuwa imepoa nyuzi 6 au zaidi kuliko tangi.

#19 Kijana_wa_Mabatini

Madume wakizidi tunawapeleka wapi? Ziwa si liko hapo, na gapi wanakula mbu.

#20 Daktari_wa_Mapezi

Hapana mkuu. Gapi asili yake ni Amerika ya Kusini. Mitaro yetu inaishia ziwani. Na hata furu wa ziwa hili hili asirudishwe: aliyezaliwa tangini anaweza kubeba vimelea vya matangi, na hujui kama kisiwa alikotoka bibi yake ndicho unapomwachia. Kuwachukua walio ziwani nako usijiamulie, anzia kwa afisa uvuvi wa halmashauri, kwa sababu kuna Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake.

Waliozidi: badilishana, gawia shule, au weka tangi la madume peke yao, ambalo kwa rangi linapendeza kuliko yote. Mwenye kilema au mgonjwa asiyepona anamalizwa kwa mafuta ya karafuu: matone 10 kwa kila lita, yatikiswe kwanza kwenye chupa ya maji vuguvugu hadi yawe meupe. Aachwe humo dakika 10 baada ya mashavu kusimama.

#21 MkereketwaWaFuru

Kwa wa kubadilishana wanaotuma kwa basi kwenda Musoma, Bukoba au Shinyanga: usiwalishe saa 24 kabla. Mfuko uwe miwili, mmoja ndani ya mwingine, theluthi moja maji, theluthi mbili hewa, ndani ya boksi la stairofomu. Furu dume kila mmoja mfuko wake. Juu ya mfuko andika kwa kalamu isiyofutika: aina, kisiwa cha asili kama kinajulikana, kizazi (F1 ni watoto wa waliotoka ziwani, F2 wajukuu), tarehe ya kutemwa. Samaki asiye na maelezo hayo mpokee kwa kumtazama tu, usimwingize kwenye ukoo.

#22 Mama_Pacha_Kitangiri

Nahitaji majike watatu wa *nyererei*, F2 au F3, kisiwa kimoja. Ninazo plati nyekundu bikira za wiki nane za kubadilishana. Tangi linamaliza wiki ya sita Jumamosi hii, naitraiti bado inasoma 0.25.

#23 MkereketwaWaFuru

Ikisoma 0 siku tano mfululizo, niandikie inbox. Kabla ya hapo siwatoi.